Sahihi Pembeni mwa Picha



Mwezi uliopita nilikuwa Tunduma kwenye semina ya akina mama. Tulipomaliza, dada mmoja alinivuta kando akasema ana neno zito. Mumewe alikuwa amenunua picha ya chui kwa mchuuzi karibu na mpaka. Pembeni paliandikwa jina la Tingatinga. Mchuuzi aliapa kwamba ni mkono wa Tingatinga mwenyewe, wa mwaka 1975, na kwamba Wazungu wangeinunua kwa mamilioni. Fedha alizolipwa ni zile za sare na madaftari ya watoto.

"Siku tatu hatusemezani," alisema. "Nimefikiri kuichoma jikoni."

Nilimsihi asiichome. Kwanza tuitazame.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya vibao vya hadibodi, kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli. Picha zake ziliuzwa Oyster Bay, kwenye Morogoro Stores, kwa shilingi chache. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu, hivyo kazi zake ni adimu na hugharimu fedha nyingi katika minada ya ng'ambo. Ndiyo maana wako wanaoandika jina lake kwenye picha zisizo zake.

Dada yule alijihesabia mwenyewe. Aliyefariki mwaka 1972 hawezi kuchora mwaka 1975. Tena picha ilikuwa juu ya kitambaa, si kibao.

Hamu ya kukusanya vitu vyenye sahihi haikuanzia kwetu. Huko Marekani, mwaka 1883, William Cody aliyeitwa Buffalo Bill alianzisha maonyesho makubwa ya farasi na bunduki. Miongoni mwa wasanii wake alikuwamo Annie Oakley, mwanamke mwenye shabaha ya ajabu, ambaye tangu utotoni aliwinda ili nyumba ya mama yake ipate chakula. Chifu Sitting Bull wa Walakota alijiunga nao kwa miezi michache mwaka 1885. Aliuza picha zenye sahihi yake, na husimuliwa kwamba fedha nyingi aliwagawia watoto maskini aliowaona mijini.

Hadi leo sahihi zao hutafutwa, na wadanganyifu huziiga. Kwa hiyo mnunuzi mzoefu haridhiki na jina tu. Huchukua kioo cha kukuzia, aone kama ni wino wa kalamu au ni chapa ya mashine. Kisha huuliza: nani alipewa kitu hiki, wapi, lini, nacho kilipita mikononi mwa nani? Pasipo majibu, hafungui pochi.

Majibu hayo, mama, mara nyingi yako kwetu sisi tunaotunza nyumba. Huenda kabatini mwako ipo picha ya mwanamuziki aliyekutilia sahihi ukiwa msichana, au kaseti iliyosainiwa na mwalimu wa kwaya. Andika nyuma ya picha, au kwenye karatasi ya kuweka pamoja na kaseti, kwa penseli laini: nani, wapi, mwaka gani. Weka katika bahasha safi, mbali na moshi wa jiko, jua, unyevu wa masika na mchwa. Usibandike kwa gundi wala selotepu. Sahihi ikififia, usiipitie tena kwa kalamu, maana hapo utakuwa umeiharibu.

Na ukitaka kununua picha ya Kitingatinga, nunua kwa furaha. Wachoraji waliofuata nyayo zake wapo Dar es Salaam hadi leo. Anayetia jina lake mwenyewe hajamdanganya mtu.

Wiki iliyopita dada yule alinipigia simu. Hakumwaibisha mumewe mbele ya watoto. Alingoja walale, akamwekea chai, ndipo akamwuliza habari ya mwaka na ya kitambaa. Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema alitaka apate kitu cha kuwaachia watoto. Dada anasema hasira yote ilimwishia hapo. Wamepatana kwamba hakuna fedha ya shule itakayoguswa kabla hawajakaa wote wawili. Waliuza debe mbili za maharage, na sare zimeshonwa.

Chui bado yuko ukutani, maana watoto wanampenda. Nyuma yake baba ameandika kwa penseli: "Ilinunuliwa Tunduma. Mchoraji hajulikani."

Tuonane mwezi ujao.