Pumzi ya Kijana Baada ya Kunyooshwa Mgongo

Mzazi mmoja wa hapa Kibondo, ambaye binti yake wa miaka 14 ana mgongo uliopinda ubavuni, alitujia baada ya swala ya Alasiri na swali lililotushinda papo hapo: akishapasuliwa, je, pumzi yake itarudi? Binti huyo akipanda kilima kutoka kisimani husimama mara tatu. Tumewauliza wenye ujuzi, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mgongo ukipinda sehemu ya kifuani, mbavu hujikunja pamoja nao, na pafu hukosa nafasi ya kujaa. Mpindo hupimwa kwa nyuzi katika picha ya eksrei. Ukiwa chini ya nyuzi 50, vijana wengi hawahisi upungufu wowote wa pumzi. Ukipita 70 au 80, upungufu huanza kuwa dhahiri.

Upasuaji, ambao hapa nchini hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), huunyoosha mgongo kwa vyuma na skrubu na kuufunga usiendelee kupinda. Wengi wetu hudhani kwamba mgongo ukinyooka, pumzi nayo hurudi siku ileile. Sivyo. Katika miezi ya mwanzo, kipimo cha kupuliza huweza kuonesha pumzi pungufu kuliko ya awali, hasa daktari akilazimika kupitia kifuani au kukata mbavu. Kwa waliopasuliwa mgongoni, aghalabu hurejea ilipokuwa katika muda usiozidi miaka miwili, na kwa baadhi huongezeka kidogo. Faida kubwa ni kwamba ile iliyobaki haiendelei kuliwa na mpindo. Kwa hiyo aliyefikishwa hospitali akiwa na nyuzi 55 ana akiba ambayo aliyecheleweshwa hadi 100 hana.

Hapa ndipo tunapojilaumu. Mpindo mkubwa huwapata zaidi mabinti, na binti aliyebaleghe hujisitiri. Nani atauona mgongo wake? Kipimo cha kwanza cha madaktari ni kumwinamisha mtoto mbele na kumtazama kutoka nyuma, na rukuu yetu haiko mbali na mwinamo huo. Mama akimtazama bintiye nyumbani akiwa na nguo nyepesi, ataona iwapo upande mmoja wa mbavu umeinuka.

Kibiongo chenye ncha katikati ya mgongo, pamoja na homa za jioni na kukonda, ni jambo jingine: huenda ni kifua kikuu cha mgongo, ambacho dawa zake hutolewa bure. Huyo asianzie kwa mganga.

Mzazi wetu tulimshauri aombe kipimo cha kupuliza kabla ya upasuaji na baada yake, asije akashtuka mwezi wa kwanza. Alituuliza pia kuhusu swala. Binti ataswali kwa kadiri awezavyo, hata kwa kuketi. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Sanduku la msikiti lina sehemu ya nauli. Iliyobaki tutaizungumza baada ya Ijumaa, inshaallah.