Bustani ya Nyumbani: Kichanja cha Mkarakara

Mwezi huu twataka kunena habari za mkarakara, mmea ule utambaao, uzaao matunda yaitwayo pasheni. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Hapa kwetu Maganzo, penye jua kali, ule wa matunda ya manjano wafaa kupita ule wa zambarau, upendao nchi za baridi. Lakini wengi hupanda mche kwanza na kukumbuka kichanja baadaye. Matunda yakizidi, mmea huanguka pamoja na vijiti vyake. Basi neno letu ni hili: nguzo kwanza, mche baadaye.

Kazi hii ifanywe mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Chagua mahali palipoinuka. Udongo mweusi wa mbuga haufai: wakati wa kiangazi hupasuka, wakati wa mvua huvimba, na nguzo huegama, tena maji hutuama na kuozesha mizizi.

Twaa nguzo za urefu wa futi 8. Chimba mashimo ya futi 2, zibaki futi 6 juu ya ardhi. Toka nguzo hata nguzo iwe futi 18. Shindilia mawe na udongo. Nguzo za mwisho zitiwe mihimili, maana ndizo zivutwazo na waya. Waya ni mmoja tu, upitao juu ya vichwa vya nguzo.

Mvua zikianza, panda miche, futi 10 toka mmoja hata mwingine. Kila mche uachiwe shina moja, lifungwe katika mti mwembamba hata lifike kwenye waya. Hapo kata ncha yake, ili matawi mawili yaende huku na huku. Machipukizi yaning'inie kama pazia, maana ndiyo yazaayo. Yakikaribia ardhi, yapunguzwe.

Mkarakara wa manjano hauzai kwa chavua yake wenyewe. Basi panda miwili au mitatu ya mbegu mbalimbali, na uache gogo kavu karibu, ili nyuki wakubwa weusi watobowao miti wapate makao. Hao ndio wachukuao chavua toka ua hata ua.

Adui wa kichanja ni mchwa. Menya magome, chagua mti wenye kiini kigumu, na kila juma kwangua njia zao za udongo. Lakini miti ya namna hiyo, kama mpingo, hukua polepole sana. Nchi ya Shinyanga iliumia kwa kukatwa miti, hata mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na watu wakazirudia ngitili za wazee wao. Basi ajengaye kichanja asiiguse ngitili. Nguzo za nyumba iliyobomolewa, zilizo nzima bado, zatosha. Na mwenye nafasi apande miti yake mpakani mwa shamba.

Mkarakara huchoka baada ya miaka michache. Kichanja kilichojengwa vema kitaupokea na wa pili.