Mtoto Wako Si Kontenti

Siku hizi mtoto wa msanii hufunguliwa akaunti ya Instagram kabla kitovu kikauke. Kwanza tunaonyeshwa kidole cha mguu. Wiki mbili baadaye, mkono. Halafu inatangazwa tarehe ya kufunua uso, utadhani ni albamu inatoka. Siku ikifika, kando ya mtoto kuna pakiti ya nepi imegeuzwa ili jina la kampuni lionekane vizuri. Nasi tunajaza maoni: "Aki ni mrembo!"

Wasee, hiyo ni biashara. Na kinachouzwa ni mtu.

Nielewe vizuri. Sisemi msanii asiposti picha moja ya familia wakiwa ushago Krismasi. Kila mzazi huringia mtoto wake. Shida yangu ni moja: kwenye hii biashara, anayetoa ruhusa ndiye huyo huyo anayepokea doh.

Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla data ya mtoto kutumiwa, na matumizi yenyewe yawe kwa manufaa ya mtoto. Picha ya uso ni data. Mwaka wa 2023 shule moja hapa Kenya ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Poa sana. Kwa hivyo mzazi ndiye soja wa geti. Sasa soja mwenyewe akianza kuuza vitu vya nyumba, nani atapiga nduru?

Najua majibu yenu.

"Ni mtoto wangu." Ni wako kumlea. Ibara ya 53 ya Katiba inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Haikutaja wafuasi.

"Uchumi ni mgumu." Kweli, na kazi ya muziki hailipi vile watu hudhani. Basi tuonyeshe fungu la mtoto liko wapi. Jimbo la Illinois, Marekani, lina sheria iliyoanza Julai 2024: mzazi anayeingiza pesa kwa video za mtoto wake lazima amwekee mtoto sehemu yake, na asipofanya hivyo, mtoto anaweza kumshtaki akikua. Hapa kwetu mtoto anauza nepi, maziwa na hata ploti, halafu tunaambiwa amebarikiwa.

"Lakini yeye mwenyewe anapenda kamera." Mtoto wa miaka minne anapenda pia kula sabuni. Mkumbuke yule mtoto mchanga anayeogelea uchi kwenye jalada la Nevermind, albamu ya Nirvana ya 1991. Alipokua, Spencer Elden aliirudia picha hiyo mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Halafu 2021, akiwa na miaka 30, akaenda kortini akidai picha ilimdhuru. Watu walimcheka: si ulikuwa unaringa nayo? Mimi naona mtu ana haki ya kubadilisha mawazo kuhusu mwili wake. Ila yeye picha ilikuwa imeshasambaa dunia nzima kabla ajue kutembea.

Na hapo ilikuwa jalada tu. Leo video ya mtoi akilia kwenye poti inageuzwa stika ya WhatsApp kabla ya jioni. Baba yake akiifuta kesho, stika iko kwa simu yako. Siku huyo mtoto ataripoti shule ya upili na sanduku lake, darasa zima litakuwa limeshamwona. Hakuna mtu atamcheka baba. Atachekwa yeye.

Kwa hivyo msanii, kama lazima uposti, acha bafu, acha hospitali, acha sare ya shule inayoonyesha anakopatikana kila asubuhi. Akiwa analia, weka simu chini umbebe. Akianza kuelewa, muulize, na akisema hapana, iwe hapana.

Nasi mashabiki tuache kujifanya watakatifu. Kampuni hulipa kwa sababu sisi tunatazama. Ukikutana na video ya mtoto akiaibishwa ili tucheke, usilaiki, usitume kwa grupu. Na hiyo stika, ifute leo.