Samaki wa mke wa mwenye kinu

Katika Ufaransa kuna chakula cha sifa kiitwacho «sole meunière». Neno meunière maana yake ni mke wa mwenye kinu cha unga, nalo lafaa, kwani samaki huyo hupakwa unga wa ngano kabla ya kukaangwa. Sole ni samaki wa baharini, bapa, alalaye mchangani, na macho yake yote mawili yako upande mmoja.

Mpishi humchuna ngozi, humkausha kwa kitambaa, humtia chumvi na pilipili manga, humgaagaza katika unga, kisha humkung'uta. Unga usipakwe mapema: ukikaa juu ya nyama yenye maji hugeuka kama uji, na samaki hushikamana na kikaango. Hukaangwa kwa siagi dakika chache kila upande. Kisha siagi hiyo humwagwa! Akina mama wataona ni hasara. Lakini siagi ina chembe za maziwa, nazo huungua upesi zikawa nyeusi na chungu. Siagi mpya huyeyushwa mpaka iwe ya kahawia, hutiwa maji ya limau, humiminwa juu ya samaki pamoja na majani ya parsli.

Je, chajenga mwili? Samaki mwenyewe, ndiyo. Gramu 100 za nyama yake mbichi zina protini gramu 17 hivi, na mafuta gramu 1 au 2 tu. Siagi ndiyo ya kupimwa: kijiko kimoja cha gramu 14 kina kalori 100 hivi, zaidi ya zile za gramu 100 za samaki, na zaidi ya nusu ya mafuta yake ni ya namna isiyofaa moyo yakizidi. Wapishi wengi hawahesabu vijiko.

Samaki wa baharini huleta pia iodini, izuiayo tezi la shingo. Sisi tukaao mbali na bahari tusiitegemee kwa samaki wa ziwani, ambao kwa kawaida wana iodini kidogo. Tununue chumvi iliyotiwa iodini.

Atakaye kujaribu njia hii atwae minofu ya tilapia, aikaange kwa mafuta ya karanga, na siagi aitie mwishoni, kijiko kimoja kwa watu wawili. Limau asilipunguze.