Jumla iliyogoma kubadilika

Juzi nilikuwa Geita kufuatilia habari za wachimbaji wadogo. Kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu, karani alisahihisha gramu kwenye kompyuta kutoka 10 hadi 12. Jumla ya fedha ikabaki ileile! Alisahau kubonyeza kitufe cha kukokotoa upya. Mchimbaji nusura apunjwe gramu mbili za jasho lake.

Mimi simlaumu karani. Nalaumu jinsi programu ilivyojengwa. Programu nyingi zenye madirisha na vitufe huandikwa kwa amri: hiki kikibadilika, nenda kabadilishe na kile. Amri moja ikisahaulika, skrini inasema uongo.

Lugha za kifankisheni zina njia nyingine. Fankisheni ni kama mashine ya kusaga: mahindi yaleyale, unga uleule. Taarifa zote zinakaa mahali pamoja, na fankisheni inazigeuza kuwa skrini. Gramu zikibadilika, skrini inatengenezwa upya kutokana nazo. Mwaka 2012 Evan Czaplicki, akisoma Harvard, alitengeneza lugha ya Elm kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Mnaona ni mambo ya Wazungu? Makarani wa Kahama na Shinyanga wanalijua wazo hili kupitia Excel: badilisha namba moja, jumla inafuata yenyewe.

Basi vijana wetu wanaoandika programu waanzie hapo. Mchimbaji aliyekesha shimoni asitegemee kumbukumbu ya karani.