Mtoto aliyekimbia vita asifukuzwe tena: maoni juu ya vitabu vya vijana

Vijana wetu wanasoma. Wazee wengi wanasema simu imeua vitabu, lakini vitabu vyenyewe vimeingia ndani ya simu. Msichana wa sekondari anapata riwaya nzima, anawatumia wenzake kwa WhatsApp, na wiki haijaisha wanaibishania njiani wakitoka shuleni. Na kati ya vitabu hivyo vimo vingi vyenye kuongea juu ya mvulana anayempenda mvulana, ao msichana anayempenda msichana. Wazazi wameanza kuuliza kama inafaa kuvikataza. Leo ninatoa maoni yangu kama msomaji, na ninajua hatutakubaliana sote.

Mimi sipimi vitabu hivi kwa kuuliza kama vinasifu ao vinalaani. Ninaangalia kama mwandishi anajua maana ya mtoto kuwa na nyumba moja tu ya kulala, na ile nyumba si ya kwao. Kwa sisi ambao tumehama Masisi, Rutshuru, Kalehe, na tena tumehamishwa wakati kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, hilo ndilo swali la kweli.

Kwa kipimo hicho, kitabu kinachopendwa kuliko vyote kinaanguka. Ninasema juu ya Heartstopper, kitabu cha michoro cha Alice Oseman wa Uingereza, ambacho wengi wamekijua tangu kilipotolewa filamu ya mfululizo kwenye Netflix 2022. Vijana wawili wa shule moja, Charlie na Nick, wanapendana. Michoro ni mizuri, maneno ni machache, na hakuna uchafu ndani yake. Mzazi anayeogopa uchafu apumue. Lakini angalieni pale mambo yanapofanyika. Kila mtoto ana chumba chake chenye mlango, na kila mtoto ana simu yake isiyoshikwa na mwingine. Nick anapomwambia mama yake ukweli, mama anamkumbatia. Ninafurahi kwa ajili ya Nick. Lakini katika hema la turubai ambamo watu saba wanalala wamebanana, siri inafichwa wapi? Na mama ambaye hajui kama kesho kuna unga, akiambiwa neno kama lile mbele ya majirani wanaosikia kila kikohozi, atajibu nini? Oseman hana kosa, aliandika kwao. Ila kijana wetu akikifanya kitabu hicho ramani ya maisha yake hapa, atapotea vibaya.

Kitabu ninachotaka kiongewe ni kingine. Kinaitwa Under the Udala Trees, kimeandikwa na Chinelo Okparanta, mzaliwa wa Nigeria anayeishi Marekani. Kilitoka 2015 na kimetafsiriwa katika Kifaransa. Hakiuzwi kama kitabu cha vijana, lakini kinaanza na msichana wa miaka 11, na tunamfuata mpaka anakuwa mama. Mimi ningekitoa kwa wenye miaka 16 kwenda juu.

Ni mwaka 1968, vita vya Biafra. Ijeoma anaishi na baba na mama katika mji wa Ojoto. Ndege zinakuja kutupa mabomu, na baba, ambaye moyo wake umechoka, anakataa kwenda kwenye shimo la kujificha. Anakufa. Mama anabaki na mtoto mmoja, njaa na woga, na siku moja anaamua kumpeleka kwa rafiki wa marehemu, mwalimu mmoja katika mji wa Nnewi. Anamwambia mtoto kwamba ni kwa muda mfupi, atamtumia habari aje. Kule Ijeoma analala katika kibanda nyuma ya nyumba na kufanya kazi zote za ndani, kama boyi.

Je, kuna mama wa kambi asiyeijua habari hiyo? Ni wangapi wametoa binti kwa familia ya mjini, «atakula vizuri, atasoma», na mwaka umepita hakuna masomo, kuna vyombo vya kuosha? Okparanta hamfanyi mama kuwa mtu mbaya. Anaonyesha jinsi huzuni na njaa vinavyoweza kumfikisha mzazi mahali ambapo mtoto wake mwenyewe anakuwa mzigo. Kwangu mimi, kurasa hizo zina uzito kuliko zote za mapenzi zinazofuata.

Kisha mapenzi yanakuja. Ijeoma anakutana na Amina, msichana yatima wa Kihausa, yaani wa kabila linalohesabiwa kuwa adui. Wanakaa pamoja katika kibanda kile, wanafanya kazi pamoja, wanapendana. Mwalimu anawakuta. Na hapo ndipo mama, ambaye alikuwa hana nafasi ya kumchukua mtoto, anapata nafasi mara moja: anakuja kumchukua kwa sababu ya aibu. Hapo nilifunga kitabu kidogo. Njaa ya mtoto na kazi ngumu havikumleta mama, aibu ndiyo iliyomleta.

Anampeleka Aba na kumfundisha Biblia siku kwa siku, kuanzia Mwanzo, ili kumtoa ule «ubaya». Mtoto anauliza maswali ambayo mama hawezi kuyajibu. Wachungaji wetu wasikasirike. Kitabu hakitukani Biblia, na Ijeoma hapotezi imani yake. Anaendelea kuomba hata baadaye, alipokuwa ameolewa na mwanaume asiyempenda na kumzalia mtoto, kwa kuwa kila mtu alimwambia ndoa itamponya. Haikumponya. Iliwaumiza watu watatu: yeye, bwana yake na binti yao. Wale wanaoharakisha kuoza binti mwenye «tabia» wasome sehemu hiyo polepole.

Nina lawama moja. Sehemu ya katikati, ile ya mafunzo ya Biblia, imevutwa mno. Msomaji anaelewa mapema na mwandishi anaendelea kueleza.

Kuna wazazi watasema: hayo ni mambo ya wazungu. Basi wasome habari ya kijiji cha Wafang katika Guinea ya Ikweta. Trifonia Melibea Obono wa nchi hiyo alitoa La bastarda 2016, kitabu kifupi sana, cha Kihispania. Okomo ni msichana yatima wa mama, analelewa na babu na bibi, anamtafuta baba ambaye hatakiwi hata kutajwa. Mjomba wake Marcelo anatengwa na kijiji kwa kuwa hana tamaa ya wanawake, na kwa kuwa anakataa kulala na mke wa ndugu yake ili ukoo upate mtoto. Hakuna mzungu yeyote katika kisa hicho. Kuna mahari, kuna wake wenza, kuna nguvu ya ukoo, mambo tunayoyajua sana.

Lakini mwisho wake haunitoshi. Waliofukuzwa wanaenda kuishi msituni, na msitu unakuwa kimbilio lao. Ni picha nzuri kwa nchi yenye msitu wa amani. Kwetu mtoto anayefukuzwa nyumbani na kuingia porini anakutana na watu wenye bunduki. Kwa hiyo mzazi wa hapa anapomwambia mtoto «toka», ajue anamtuma wapi.

Na kuvuka mpaka je? Katika sheria ya makosa ya Congo hakuna kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, ingawa Katiba, kifungu cha 40, inaongea juu ya ndoa ya mwanaume na mwanamke. Burundi iliyatia katika sheria yake ya makosa 2009. Uganda ilitunga sheria kali zaidi 2023. Ndizo nchi ambako watu wetu wanakimbilia. Kijana anayekwenda kule peke yake, bila mzazi, na sababu ya kufukuzwa kwake inajulikana kwa watu wa kijiji waliokimbia naye, anafika na hatari mbili.

Kuna kitabu kingine kinachoonyesha fujo ya watu inaweza kufika wapi: De purs hommes, cha Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal, cha 2018. Kinaanza na video inayozunguka katika simu: kundi la watu wanafukua maiti ya kijana makaburini, kwa kuwa inasemwa alikuwa mmoja wa «wale». Mwalimu mmoja wa chuo anaangalia video hiyo na hawezi kulala tena, mpaka anaenda kumtafuta mama wa marehemu. Sarr aliposhinda tuzo ya Goncourt 2021 kwa kitabu kingine, watu wengi kwao walimshambulia kwa sababu ya hiki. Si cha watoto. Ni cha sisi wakubwa ambao tunatuma video bila kuuliza ya nani.

Kwa wadogo ningeweka mkononi When Stars Are Scattered, cha 2020, kitabu cha michoro cha Victoria Jamieson na Omar Mohamed. Hakina mapenzi ya aina yoyote. Ni maisha ya Omar mwenyewe na ndugu yake Hassan, watoto wa Somalia waliokulia katika kambi ya Dadaab, Kenya. Hassan ana ulemavu na karibu hasemi. Omar anaogopa kwenda shule kwa kuwa nani atamwangalia? Mama mmoja, Fatuma, ambaye si ndugu yao kabisa, anawalea. Kuna foleni ya chakula, kuna siku chakula kinakwisha kabla ya mgao kufika, kuna miaka ya kungoja kuitwa na Umoja wa Mataifa. Mtoto wa kambi ataelewa hata kama hajui Kiingereza.

Nimemtaja Fatuma makusudi. Yule mama hakuuliza watoto wale ni wa ukoo gani, wala yule asiyesema ana kasoro gani. Katika kambi zetu pia wapo wamama wa namna hiyo, nimewaona Bulengo na kwingine, wakigawa sahani moja ya foufou kwa watoto wasiowazaa.

Walimu wanaotaka kusoma vitabu hivi na wanafunzi wakubwa waanze na kile cha Okparanta, sura za kwanza, zile za ndege na za mama anayefunga mizigo ya binti yake. Na kama kuna nakala moja tu, wamama waisome kwanza.