Land Rover ya zamani: fyuzi mbili tu, na moto unaosubiri

Land Rover Series II ilianza kutengenezwa 1958, na bado ziko barabarani. Fungua boneti uone: gari zima lina fyuzi mbili tu, kila moja ya ampea 35. Nyaya za taa kubwa hazipiti kwenye fyuzi hata moja.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Ganda la waya likikauka na kupasuka, waya unagusa bodi na kupiga shoti. Kwa kuwa hakuna cha kukata umeme, unazidi kuchemka mpaka unawasha kilicho karibu, ikiwemo petroli inayovuja.

Mzigo tunauongeza wenyewe: redio, spotlaiti, chaja ya simu, vyote kwenye waya uleule. Fyuzi ikikatika, mtu anaweka kipande cha waya. Lakini kazi ya fyuzi ni kulinda waya, sio redio!

Ufanyeje? Fundi umeme afunge fyuzi kuu kwenye waya unaotoka kwenye betri kwenda dashibodi, na kila kifaa kipya kiwe na fyuzi yake. Nyaya zinazopita kwenye matundu ya bati zivalishwe mpira. Weka swichi ya kukata betri, uizime kila ukipaki. Mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na dereva, sio chini ya mizigo.